Salamu za Mama Emelyne wa Kakese

Kakese walimjua Gaudiose kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kipindi cha salamu kilipoanza kwenye redio ya Mpanda mjini, yeye alikuwa mtu wa tatu au wa nne kupiga simu, na mtangazaji Malale alishaacha kumuuliza jina. "Ni mimi Mama Emelyne wa Kakese," angesema kwa ile sauti yake nyembamba inayopanda juu kila mwisho wa neno, "mkulima wa mpunga na mahindi, rafiki wa watu wote na adui wa kwelea kwelea." Kisha angetaja watu wake kumi, mmoja mmoja, kuanzia wifi yake aliyeolewa Mwese mpaka fundi baiskeli wa Sitalike aliyewahi kumzibia pancha bure. Mwisho angetoa ujumbe, na ujumbe wake mara nyingi ulihusu kupalilia mapema. Watu walicheka, wakampenda.

Alianza zamani, enzi za kadi za salamu, alipokuwa akizinunua dukani na kuzijaza kwa kalamu nyekundu. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa vijana. Yeye akazaliwa huku huku Katavi, akapata uraia pamoja na ndugu zake, akaolewa na Hilari, kijana wa watu wale wale, mpole kupita kiasi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mtoto mmoja wa kike, ekari mbili za mpunga, na meno mawili ya mbele yaliyopishana.

Nasema haya ili ujue kwamba mwanamke huyu hakuwa bubu. Wapo wanaodhani mwanamke akinyamazia jambo ni kwa sababu hajui kusema. Gaudiose alijua kusema, na alikuwa na redio nzima ya kusemea. Na bado, kwa miaka mitatu, kulikuwa na jambo moja ambalo, baada ya kumwambia mumewe siku ya kwanza, hakulisema tena hata kwa kunong'ona.

Jambo lenyewe lilitokea kwenye stoo ya mashine ya kusaga, alasiri ya Alhamisi, msimu wa mavuno. Mwenye mashine hana jina katika habari hii. Si kwamba namwogopa. Jina lake liko mahali panapolistahili, na mtapajua. Hapa nitamwita Mwenye Mashine, na hiyo ni heshima tosha. Alikuwa mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani, mtu aliyechangia mabati ya paa, mtu wa kuitwa "baba" na watoto wa watu. Siku hiyo umeme ulikatika, wateja wengine wakaondoka, Gaudiose akabaki na debe lake la mahindi akisubiri. Mwenye Mashine akamwomba aingie stoo amsaidie kushika mdomo wa gunia. Akafunga mlango.

Mengine sitayaeleza. Gaudiose mwenyewe alipokuja kuyaeleza alisema inatosha kusema alibakwa. Neno lipo, lina maana yake, halihitaji mapambo.

Alimwambia mumewe siku ile ile, nywele zake zikiwa bado na unga. Hilari alishika panga, akafika hadi kwenye uzio, akakaa chini, akalia. Kulipokucha alikwenda kutafuta haki, lakini hakwenda polisi. Alikwenda kwa Mzee Ladislas.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu watu hawa, maana bila hicho hutaelewa kilichofuata. Wazee wao wa usuluhishi, wanaowaita abashingantahe kwa Kirundi, wamemaliza mambo mengi mazuri. Mpaka wa shamba, ng'ombe aliyeingia kwenye mpunga, ndugu waliogombea urithi: mambo hayo wazee huyakata kwa siku moja, na watu wakaondoka wanacheka. Yakishakatwa, mkosaji huleta mbuzi na chungu cha pombe ya mtama. Mkosaji na mkosewa hukaa wakitazamana, kila mmoja na mrija wake, wakavuta pamoja kutoka chungu kimoja. Wakishavuta, limekwisha. Atakayelifufua yeye ndiye mwenye kosa.

Basi wazee saba, Ladislas akiwa mkubwa wao, walilichukua jambo la stoo wakalipima kwa kipimo kile kile cha ng'ombe na mpunga. Mwenye Mashine akaleta mbuzi na chungu. Na mbuzi huyo, unadhani alipikwa na nani? Alipikwa na Gaudiose. Kikao kilikuwa cha wanaume, jikoni kulihitaji mwanamke, na mwanamke aliyekuwapo ni yeye. Alikata nyama, akakoroga mchuzi, akawanawisha mikono, na mkono mmojawapo aliounawisha ulikuwa mkono ule. Mimi kila nikifika hapa hasira hunipanda upya.

Kisha wakampa mrija. Hilari alivuta. Mwenye Mashine alivuta, akavuta tena, kwa kiu ya mtu aliyeponea chupuchupu. Gaudiose aliutia mrija mdomoni, akaubana kwa meno, akahesabu moyoni mpaka kumi, akauachia. Hakuvuta hata tone. Hakuna aliyeona, maana macho ya wote yalishahamia kwenye nyama. Hakumwambia mtu, hata Hilari. Hakujua atakifanyia nini kitendo kile, ila alijua ni chake, na siku ile hakuwa na kingine.

Baada ya hapo maisha yakaendelea, kama watu wanavyopenda kusema. Jumamosi salamu, Jumapili kwaya, na kila unga ulipokwisha, Gaudiose alijitwika debe lake, akapita mbele ya mashine ile bila kugeuza shingo, akaenda kusaga kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Emelyne, binti yake, alipoanza kukua alinung'unika. "Mama, mashine si hii hapa?" Naye alimjibu jibu lile lile kwa miaka mitatu: "Unga wao una mchanga."

Siku moja ya mwezi Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alirudi kutoka kwenye jaruba la mpunga akakuta unga ndani, mweupe, bado una joto. Emelyne, miaka kumi na mitano, sare ya shule mwilini, alikuwa anatabasamu.

"Nimekupunguzia safari, mama. Yule baba wa mashine amenisagia bure kabisa. Amesema nikiwa na mahindi niwe naenda tu, hata jioni."

Gaudiose aliubeba unga ule wote akaumwaga kwa kuku. Emelyne akadhani mama yake amerukwa na akili.

Wiki ile ile zilianza siku kumi na sita za kupinga ukatili, na mwandishi wa redio aliyeitwa Tereza alifika ofisi ya kata na kinasa sauti chake. Mkutanoni aliuliza nani ana la kusema. Wanawake waliangalia kanga zao. Lakini mkutano ulipovunjika, Tereza akiwa anavaa helmeti apande pikipiki, Gaudiose alimvuta mkono, wakaenda nyuma ya ofisi, na kwa dakika ishirini alisema yote: stoo, mbuzi, debe la kila wiki, unga wa bure. Tereza alimweleza kwamba jina la mwanaume halitasikika hewani mpaka afikishwe mahakamani. Akakubali. La kwake mwenyewe hawakulizungumzia kabisa, na hapo ndipo lilipoanzia kosa.

Jumatatu saa saba mchana Gaudiose alikuwa shambani, redio yake ndogo ikining'inia kwenye kibanda cha kulindia ndege. "Mama mmoja wa Kakese," alisema Tereza, "ambaye jina na sauti yake tumevihifadhi kwa usalama wake." Kisha likaja lisauti la ajabu. Lilikuwa zito, la kukokota, kama dume linaloongea ndani ya pipa. Lilisema maneno yake, neno kwa neno, ila ya mume, binti na mbuzi yalikuwa yamekatwa, na yeye mwenyewe hakujitambua. Hata pale alipokumbuka kwamba alilia, pipa halikulia, lilinguruma. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege jaruba la jirani walianza kuliigiza kwa kicheko.

Kakese nzima ikaanza kubahatisha, na haikuchukua muda, maana Kakese ina mwanamke mmoja tu mwenye sauti nzito. Anaitwa Spès. Ni mjane, umri wake haujafika arobaini, anauza chai na maandazi njia panda, mkabala na mashine. Kanisani huimba na wanaume kwenye sauti ya nne, na wanaume wawili hawamfikii. Watu waliposikia pipa walisema, aa, huyo ni Spès, nani mwingine.

Jumanne chai ya Spès ilibaki kwenye chupa. Jumatano kijana mmoja wa mashine alipita akapiga teke jiko, sufuria la mafuta likamwagika mchangani. Alhamisi viongozi wa kwaya walimwomba "apumzike kidogo mpaka mambo yatulie." Na Mwenye Mashine, mtu aliyejua fika ni mwanamke yupi, alisimama kwenye kizingiti chake akatangaza kwa kila mteja: "Spès huyo nilimnyima unga wa mkopo, sasa ananichafua. Mwongo mkubwa, na wote mnamjua alivyo." Alimchagua Spès kwa hesabu nzuri. Mjane hana mume wa kushika panga, wala wa kukaa chini akalia.

Wazee saba nao walijua. Walikula mbuzi, wangekosaje kujua? Lakini kusema "si Spès" kungewalazimu kusema ni nani, na chungu kingefunguka. Wakajitia hamnazo. Hilari akajitia hamnazo. Na Gaudiose, lazima niseme ukweli hata kama nampenda, siku ya kwanza alishusha pumzi. Alisikia wenzake wakimteta Spès kisimani, akainama akajaza ndoo yake. Alijiambia yatapita. Siku ya pili alijiambia vile vile. Siku ya tatu hakuweza kula.

Alhamisi alasiri Spès alimjia nyumbani. Alisimama kwenye kizingiti cha jiko, hakutaka kigoda.

"Mama Emelyne, sikuja kugombana. Lile pipa la redioni ni wewe?"

Mwiko ulimwanguka Gaudiose mkononi.

"Yule mama alisema anakwenda kusaga mbali, saa nzima kwa mguu," Spès akaendelea kwa sauti yake ya chini. "Mimi nakaa njia panda. Miaka mitatu nakuona unapita na debe mbele ya mashine, hugeuki. Nilikuwa najiuliza huyu dada kuna nini. Sasa nimejua."

"Umewaambia watu?"

"Ningewaambia, chai yangu si ingekuwa inanunuliwa? Siwezi kukutaja. Ukitaka kujitaja utajitaja mwenyewe. Nikikutaja mimi, nitakuwa nimekufanyia kama walivyofanya wao, kukuamulia." Akaegemea fremu ya mlango. "Ila nimechoka, dada. Nimekuja kukwambia hilo tu. Nimechoka."

Akaondoka. Gaudiose alibaki amesimama mpaka ugali ukaungua, na aibu iliyomshika siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile aliyotoka nayo stoo. Ile ya stoo haikuwa yake, alibebeshwa. Hii ilikuwa yake kabisa.

Ijumaa alipanda pikipiki mapema akaenda mjini, akaingia ofisi za redio akiwa na matope miguuni.

"Rudieni kipindi," alimwambia Tereza. "Wekeni sauti yangu. Wekeni jina langu."

Tereza alikuwa binti wa watu, mwenye nia safi. Alimkalisha. Akamweleza kuhusu mama mwingine ambaye aliwahi kutajwa na gazeti, na ndani ya mwezi alihama kijiji na watoto wake. "Mimi nakulinda, mama. Dunia hii inamla aliyeumizwa."

"Unanilinda na nani?" Gaudiose akauliza. "Mimi nimefichwa, yeye amefichwa. Mimi sauti yangu imegeuzwa, yeye kutwa anaongea na sauti yake kwenye kizingiti. Sasa anayeumia ni Spès, ambaye hata hayumo. Mmenifunika kama vile mimi ndiye niliyefanya."

Tereza alivua miwani.

"Sikukuuliza," alisema. "Nilijua tu kwamba ndivyo inavyofanyika, nikageuza sauti. Sikukuuliza unataka nini."

"Ndiyo. Ungeuliza."

Mhariri aliitwa, akaja, akasikiliza kwa adabu, akakuna kidevu. Hakukataa moja kwa moja. Alisema jambo ni zito, linahitaji kupitiwa, halafu akauliza, "Na mzee nyumbani anasemaje? Tungepata hata barua ya mume, ingetusaidia."

Gaudiose alimtazama. "Kila Jumamosi nawasalimu watu kumi kwenye redio yenu. Mmewahi kuniomba barua ya mume?"

Gaudiose hakungoja jibu, maana maneno yake mwenyewe yalikuwa yameshamwonyesha njia. Alitoka, akaenda kwa mguu mpaka polisi, kwenye dawati la jinsia. Askari wa kike aliyekuwa zamu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miaka mitatu ni mingi, mama," alisema. "Cheti cha daktari hakuna. Sitakudanganya, ni kazi ngumu."

"Andika."

Askari akaandika. Jina la Mwenye Mashine likaingia kwenye faili, majina yake yote matatu, na chini yake majina ya wazee saba waliokula mbuzi. Nilisema mtapajua, ni hapo.

Jioni alimwambia Hilari kwamba kesho atasema. Hilari aliweka kikombe chini, uso umemshuka.

"Mama Emelyne, tulikunywa. Lilikwisha."

"Ulikunywa wewe," akasema Gaudiose, na mumewe hakumwelewa.

Emelyne aliambiwa asubuhi ya Jumamosi, jikoni, wakiwa wawili. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama ule unga wa bure ndio sababu. Mama yake akaitikia. Binti akavaa kandambili akasema, "Nakusindikiza."

Wakaenda njia panda. Spès alikuwa amekaa na chupa zake zilizojaa, peke yake. Bodaboda watano walikuwa juu ya pikipiki zao, redio mbili zikiimba. Ng'ambo ya barabara, spika kubwa ya mashine ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, maana Mwenye Mashine alipenda kipindi cha salamu, kilivuta wateja. Gaudiose alikaa benchi moja na Spès, akaomba chai, akapiga simu. Ilimchukua mara sita kupata laini.

"Haloo, nani mwenzangu?" Malale akasema sikioni, na baada ya sekunde akasema tena kwenye spika.

"Ni mimi Mama Emelyne wa Kakese."

"Mama yetu! Adui wa kwelea kwelea! Punguza redio yako hapo, mama, inarudia."

"Siwezi, Malale. Siyo yangu. Hiyo ni spika ya mashine ya kusaga."

Bodaboda walicheka. Malale naye akacheka, akamwambia haya, taja watu wako.

"Wa kwanza ni Spès wa njia panda, muuza chai," alisema Gaudiose, na sauti yake nyembamba ikapanda juu kama siku zote, ikavuka barabara, ikamrudia kutoka kwenye ukuta wa mashine. "Namsalimu na kumwomba radhi. Wiki nzima amebeba mzigo wangu. Ile sauti mliyosikia Jumatatu si ya Spès. Ni ya kwangu. Waliigeuza kwa nia njema. Leo nawapa yenyewe. Nilibakwa. Mimi, Gaudiose, mke wa Hilari. Jina la aliyenibaka sitalitaja hapa, sheria haitaki. Liko polisi tangu jana. La kwangu nalitaja kwa sababu halina kosa."

Simu ikawa kimya. Alidhani wamemkata, akatoa simu sikioni akaiangalia. Sekunde zilikuwa zinahesabu. Angeweza kukatwa. Kidole kimoja tu cha Malale kingetosha, na labda kuna mtu aliyekuwa anamfanyia ishara akate. Kisha spika ikakohoa.

"Endelea, Mama Emelyne," Malale alisema polepole, sauti yake imebadilika. "Una watu wengine?"

"Ninao. Wa pili ni binti yangu Emelyne, yuko hapa pembeni yangu. Wa tatu ni kila mwanamke anayezunguka mbali kumkwepa mtu. Wa nne hadi wa kumi ni wazee wangu saba, wanajijua. Ujumbe wangu ni wao. Wazee, nyie mnasema nilikunywa. Sikunywa. Mrija ulikuwa mdomoni, lakini sikuvuta."

"Na wimbo, mama?"

"Wowote, Malale. Weka wowote."

Mtu alizima spika ya mashine, lakini alichelewa, na redio za bodaboda ziliendelea. Mwenye Mashine alitoka mbio, mweupe kwa unga kuanzia kichwani, kidole mbele.

"Mwanamke wewe, unataka nini tena? Si tuliyamaliza? Si ulikunywa? Mbele ya wazee wote, mbuzi wangu mkamla!"

Kijana mmoja wa bodaboda aliyeitwa Makoye alishuka kwenye pikipiki yake. Ni mtu wa ng'ombe, watu wake walitoka Usukuma, mambo ya mirija hayajui. Akauliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Mlimaliza nini, mzee? Juzi si ulisema ni Spès, na ni uongo?"

Wateja wawili waliokuwa mlangoni mwa mashine walishika madebe yao, wakajitwika, wakaondoka na mahindi yasiyosagwa. Mmoja wao alikuwa shemeji wa Mwenye Mashine. Mwenye Mashine alirudi ndani, akafunga ule mlango wa stoo, na safari hii alikuwa ndani peke yake.

Hilari alifika akihema. Alikuwa ameyasikia yote kwa jirani. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu aliyegundua kwamba siku ile alikunywa peke yake na adui. Kisha akakaa kwenye benchi la Spès akaomba chai na maandazi mawili. Ukimtoa mkewe, alikuwa mteja wa kwanza tangu Jumanne, na Makoye akawa wa pili. Si kikubwa. Gaudiose hakumpa tabasamu, alimsogezea tu sukari.

Mzee Ladislas alikuja mwisho, na fimbo yake, akiwa ametembea haraka kuliko umri wake unavyoruhusu. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Gaudiose, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alionekana hajui aanzie wapi.

"Hukuvuta?"

"Sikuvuta, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Mzee aliishikilia fimbo kwa mikono miwili. Mtu asiyejua mila ile angeona ni neno dogo tu. Yeye alijua maana yake. Wazee saba walikula mbuzi wa jambo ambalo halijakatwa, wakaenda nyumbani wakijiona wametenda haki, na miaka mitatu wakamwacha mkosaji akitembea kwa jina lao.

"Basi halijaisha," alisema kwa sauti ndogo. Halafu, kama mtu anayetafuta pa kujishikia, "Lakini kwa nini siku ile hukusema?"

Gaudiose alisimama. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfikia mzee kifuani, lakini njia panda nzima ilimsikia.

"Siku ile, mzee, hamkuniuliza. Mlinipa mrija. Jumatatu saa tatu nendeni polisi Mpanda, nyote saba, majina yenu nimeyaandikisha. Huko hamtapewa mrija. Mtaulizwa."